Safu ya Maelezo

Mama aliuza karanga soko kuu la Tabora
akanifunza kwamba bei ya kwanza ni salamu tu:
unaiitikia, hulali nayo.
Leo mimi ni afisa manunuzi wa halmashauri, Sikonge,
na sheria inanikataza kuitikia.
Bahasha tatu, lakiri tatu.
Mbele ya kamati bei husomwa kwa sauti
kama majina ya waliofaulu,
nami naandika, sitikisi kichwa,
sisemi "punguza kidogo, mwanangu,"
maneno niliyonyonya pamoja na maziwa.

"Kwa hiyo umesomea kununua?" aliniuliza
siku ya mahafali, akacheka hadi akafuta machozi kwa khanga.
"Miaka mitatu! Na hapa sokoni hata watoto wanajua."

Nimenunua vitu nisivyovigusa tena.
Chaki, katoni mia na arobaini.
Matairi ya gari la wagonjwa, mara mbili kwa mwaka,
barabara ile inakula mpira kama mbuzi anavyokula magamba ya mihogo.
Mbao za mninga, za madawati, na hapo tulikosana:
zilizoletwa zilikuwa paini iliyopigwa vanishi nyekundu.
Nilikwangua kwa ufunguo wa nyumba yangu
mbele ya dereva na utingo wake,
weupe ukacheka.
Rudisheni.
Waliniita jina ambalo halimo kwenye leja yoyote.

Juni, mwaka wa fedha ukikata roho,
kila idara hukumbuka ghafla kwamba ina shida.
Ndipo Bwana Mlekwa alipobisha mlangoni
na ndoo ya asali ya nyuki wadogo.
"Ya watoto tu, dada Kalunde.
Haina uhusiano na vile vitanda."
Sikuwa nimetaja vitanda.
Nilimwandikia hati, nakala tatu:
Ndoo, moja. Asali, lita ishirini.
Imepokelewa saa mbili na robo usiku.
Imerudishwa saa mbili na robo usiku.
Sahihi hapa.
Akaweka, kalamu ikimnata vidoleni.
Wanangu walininunia siku mbili.

Hakushinda. Alishinda mwingine, wa bei ya chini,
kihalali, kila ukurasa na muhuri wake:
vitanda vitatu vya kujifungulia.
Mkaguzi alilipekua jalada lile, akalifunga, akaomba chai.
Usiku huo nililala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Oktoba nikaenda zahanati ya Igombanilo kuhakiki mali.
Muuguzi, Bi Nyanzobe, alinionyesha kitanda namba mbili
kwa kidevu, mikono yake ilikuwa na povu.
Kilikunja goti mwezi wa pili tu.
Chini ya mguu, tofali la kuchoma,
limefungwa kipande cha khanga lisikwaruze sakafu.
"Kumi na mmoja wamezaliwa juu ya tofali hilo,
ukihesabu na mapacha."
Hakunilaumu. Angenilaumu, ningekuwa na la kumjibu:
unene wa bomba, uzito, kiwango cha chini kinachokubalika.
Kinachokubalika na nani, hatukuandika.

Nililipata wapi? Alirudia swali langu.
"Kwenye tanuri la jirani. Nilisema nitalipa.
Hajadai."

Nikatoa fomu. Kitanda: kipo.
Hali: kuna kisanduku cha nzuri, kuna kisanduku cha mbovu,
na kalamu yangu, iliyopitisha mamilioni bila kutetemeka,
ikasimama katikati
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Upande wa ndani, mwanamke alikuwa anaguna polepole.
Bi Nyanzobe akakung'uta povu, akaingia.

Mwisho wa mstari kuna safu nyembamba, ya maelezo,
ambayo hakuna anayeisoma.
Niliandika humo kwa herufi ndogo:
tofali moja, halina namba, linafanya kazi.