Wadudu Wawili

Mimi ni mtu wa hadubini. Wagonjwa hawaujui uso wangu,
wanajua sindano, pamba,
na karatasi inayopita kwenye tundu la ukuta.
Asubuhi Kirumba kwa Daktari Nkwabi,
jioni Igogo kwa Daktari Kokushubila:
miaka minne nikisoma damu kwa waajiri wawili.

Nkwabi, mtu wa watu.
"Mwangaluka, mama!"
na mama hajakaa bado, nusu ya homa imeshuka.
Anajua mwanao yuko kidato cha ngapi,
anajua sato mwaloni leo wanauzwaje.
Koti lake lina mkunjo wa pasi unaoweza kukata nyanya.
Ukutani vyeti saba, vingine vya semina ya siku mbili,
vyote fremu moja ya dhahabu.
Foleni yake ilimfikia muuza mihogo,
na muuza mihogo akajenga kibanda cha pili.

Kokushubila, jamani.
Kabla ya saa kumi hacheki, baada ya saa kumi amechoka.
"Unaoga wapi?" ndiyo salamu yake.
Mama kaja na mtoto anayekojoa damu,
aibu kaifunga kwenye pindo la kanga,
yeye anauliza: ziwani upande gani? Penye matete? Mara ngapi?
kama askari wa doria.
Siku moja akamwambia mzee mzima, "Sijui.
Nipe mpaka Alhamisi nikasome."
Mzee akavaa kofia. Nilimsikia nje:
"Elfu kumi yangu, nimeuziwa sijui."
Nilicheka mpaka kioo cha hadubini kikaingia ukungu.

Kule Kirumba karatasi yangu ilikuwa inachelewa siku zote,
dawa zimeshaandikwa.
Siku hiyo niliandika: hakuna mdudu.
Nkwabi akanishika bega, bega likafurahi kabla yangu.
"Magesa, huyu katoka Sengerema, kavuka maji.
Utamrudisha na hakuna?
Mwandikie wawili."
Nikaandika wawili. Kalamu haikugoma.
Ndivyo alivyo: hata uongo, ukitoka kwake,
unakuja umevaa soksi.

Na yule mama alipona. Nisidanganye mara mbili.
Alirudi na bata, miguu imefungwa kwa utepe,
na Nkwabi alimchinja bata tukala wote, mpaka mlinzi.

Halafu yule mtoto wa Mabatini.
Kokushubila alisema ni kikohozi tu, mpeni maji.
Usiku wakamkimbiza hospitali ya kilimani,
akarudi na uhai wake kwa kudra.
Asubuhi daktari alifunga zahanati.
Tukapanda yale mawe, viatu vyake mkononi,
mimi na mkoba nyuma.
Majirani walikuwa wameshakusanyika, masikio yamenawa.
"Nilikosea," alisema.
"Pafu la kulia nililisikiliza. La kushoto nililipitia haraka."
Hakuongeza sukari. Hakumsingizia Mungu.
Bibi wa mtoto alimtazama muda mrefu,
akaingia ndani, akatoka na kigoda.

Foleni ya Igogo haikurefuka.
Wiki ile tulipoteza familia tatu,
zote nilizikuta Kirumba zikicheka.
Ila Jumatatu bibi alikuja, peke yake,
akafungua kitambaa mguuni, tabaka kwa tabaka:
kidonda cha miaka kumi na mmoja
ambacho hata binti yake hajawahi kukiona.

Mwezi wa tano nikaugua mimi.
Mkojo mwekundu; niliutazama kama wa mtu mwingine.
Moyo ulitaka Kirumba. Nilitaka kushikwa bega,
nilitaka mtu aniulize habari za mwanangu kwa jina.
Miguu ikapanda Igogo.

Hakuinua macho kwenye daftari.
"Unaoga wapi?"

Nikamweleza. Penye matete. Tangu utotoni.
Nikamweleza mpaka na yale ambayo hakuuliza:
wale wadudu wawili.