Shoka la Umeme

Keko, nyuma ya mafundi wa makochi,
pale vumbi la mbao linapotua hata kwenye chai,
Bi Mwanjaa alilitoa uvunguni mwa kitanda
limeviringishwa shuka la hospitali, muhuri bado unasomeka.
"Shoka la umeme hilo. Ndivyo tulivyoliita.
Angalia lisikuchome."

Jekundu, wekundu wa kucha za bibi harusi,
limepauka pale mkono ulipozoea kulala.
Umbo la manati, mkia wa mbayuwayu,
ncha mbili zinazotafuta ugomvi.
Ila ncha moja si yake:
ilivunjika Temeke, Pazi alipolirusha juu
na dari ya ukumbi haikuwa na habari.
Jirani akachonga nyingine ya mninga,
akaipaka rangi ya mlango.
Nikaikwaruza kwa ukucha. Chini yake, mti.

"Lilikuja mwaka wa foleni.
Mimi nimeweka jiwe langu dukani tangu saa tisa usiku,
nangojea sabuni ya mche,
yeye anarudi kutoka bandarini na hili,
kampa baharia saa yake, redio yetu,
na viatu vyangu vya Idi.
Baharia mwanamume! Viatu vya kisigino!
Wiki nzima sikumsemesha.
Wiki ya pili nikaenda kumsikiliza."

Akasema laki sita.
Nikasema nyuzi zimeota kutu, swichi imekufa,
mbili na nusu.
Akacheka, akamenya chungwa, akanipa kipande,
hakuteremka hata shilingi.
Mpaka nilipolipakata, likateleza pajani,
nikalidaka ncha imeshafika kwenye kidole cha mguu.
"Halipigwi umekaa," akasema.
"Hata yeye alijaribu. Mgongo ulipomkamata
akalirudisha uvunguni, akasema
kama siwezi kusimama nalo, basi tusisumbuane."
Hapo akashuka mwenyewe: laki nne na ishirini.
Sijui nini kilimshusha. Sikuuliza.

Pesa ilikuwa ya simtanki.
Nilijua hivyo nikiihesabu,
nilijua ndani ya bajaji, ncha zimechomoza nje
kama mbuzi anayekataa kwenda machinjioni,
na muuza miwani kwenye taa za Chang'ombe ananiuliza
naenda kulima au kupigana.
Stumai alilitazama, kisha akazitazama
ndoo sita kwenye korido.
"Haya. Lipigie bomba,
tuone kama litatoa maji."

Mapunda, fundi redio wa Gerezani, alilifungua mgongo:
ganda la yai la mende,
karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara
imetandazwa kwa subira kuzuia mvumo,
na lehemu ya mtu aliyejifunza peke yake, gizani,
umeme ukiwa wa mgao.
"Huyu hakuwa fundi," akasema,
"lakini alikuwa na shida ya kweli."
Ile karatasi hakuitoa.
Nyuzi tatu zilikubali.
Tatu nyingine zinasubiri mwisho wa mwezi.

Usiku Bi Mwanjaa akapiga simu.
Hakuuliza habari za nyumbani.
"Linalia?"
Nikaiweka simu juu ya spika, nikasimama,
mimi wa miaka hamsini na moja,
mwenye goti lenye maoni yake,
nikapiga kile kidogo ninachokijua.
Upande wa pili, kimya.
Mbali kidogo, randa ya mtu ambaye bado hajafunga kazi.
Kisha:
"Liko chini."
Nikakaza uzi.
"Bado."
Nikakaza.
"Pandisha tena. Ee, umepitiliza.
Hapo. Acha hapo hapo," akasema.
"Hapo ndipo alipokuwa akikosea."