Lita Sitini

Kioo ni salio la kazi:
dirisha la duka la dawa kule Kondele.
Mteja alibadili vipimo, hasara ikaniangukia mimi.
Miezi minane kiliegemea ukuta wa karakana
kikionyesha miguu ya wapita njia,
hadi Akeyo aliposema: Baba, tufuge maji humo.

Nikakata vipande vitano.
Nikasugua kingo kwa jiwe zikaacha kuuma vidole.
Silikoni niliipaka kama siagi ya tarehe ishirini na tano:
nyembamba, lakini ifike kotekote.
Siku tatu hatukuligusa tangi.
Nyumba nzima ilinuka siki.

Mchanga ulitoka mto Kibos, nusu gunia.
Tuliuosha mara ya kwanza: chai ya maziwa.
Mara ya nne: turungi.
Mara ya tisa tuliona vidole vyetu chini ya karai
tukajua inatosha.
Maji ya bomba yalilala ndooni siku mbili
yakasahau harufu ya dawa.

Maji usiyoyafika, husema watu, hujui wingi wake.
Haya naujua.
Ndoo tatu, nimezipandisha ngazi mwenyewe,
mgongo ni shahidi.

Mimea aliileta Nyangweso ndani ya gazeti bichi,
mingine mirefu kama utepe wa fundi cherehani,
mingine kama mkia wa paka aliyenyeshewa.
Nilikuwa nimemwonya: gugu maji usithubutu.
Limeshatufungia ziwa, lisije likatufungia sebule.

Akeyo alipanda kwa kibanio cha nyusi cha mamake.
Jani moja liligoma. Alilizika, likaelea.
Alilizika tena, likaelea.
Samahani, akaliambia,
akalifunga kwa uzi kwenye jiwe.

Shangazi Nyagilo, muuza samaki wa Kibuye,
akaja, akakaa, akatazama.
Samaki wako wapi?
Bado.
Kwa hiyo mmejenga bwawa la kutazamia mchanga.

Siku ya nne maji yakawa meupe, maji ya kuoshea mchele.
Siku ya tisa majani yakaanza kuyeyuka.
Nilishika mpira, ncha mdomoni,
tayari kuyanyonya yote nje.
Mimi ni mtu wa vioo. Kazi yangu huisha jioni:
dirisha limekaa, pesa imelipwa.
Kungoja vidudu nisivyoviona
vijenge mji wao mchangani,
hilo sikulizoea.
Kwenye daftari la Akeyo imeandikwa:
*Siku ya 9. Maji yanaumwa. Baba pia.*

Siku ya kumi na saba, konokono,
punje ya wimbi inayotembea,
hakuna aliyemwalika.
Awuor, ambaye hupima mikojo ya watu zahanati,
alisema neno moja tu, kichocho,
akamtoa kwa kijiko.
Kijiko hicho hatujakiona tena.

Kisha asubuhi moja, nikitafuta soksi,
jani jipya.
Urefu wa ukucha, kijani cha kuonea haya.
Na chini yake mapovu, shanga moja, kimya, shanga nyingine,
yakipanda
kama mmea unaokumbuka jambo kidogo kidogo.
Niliita watu. Nilichelewa kazini.

Maji yalipotimiza arobaini, kama mzazi,
Nyangweso akaleta fulu watano mtungini.
Dume lao lina mkia mwekundu, wino wa mwalimu.
Tuliuelekeza mtungi ndani ya tangi nusu saa
wajuane na joto la humo,
halafu wakatoka, mmoja mmoja,
wakaenda moja kwa moja nyuma ya jiwe la Akeyo.

Shangazi alivaa miwani.
Fulu? Hawa?
Hawa tuliwaanika juu ya mabati,
mkebe mzima kwa sumni, vichwa tukawatupia paka.
Kisha mbuta akaja, hata paka wakawasahau.

Akasogeza kiti.
Akawahesabu.
Akawahesabu tena, kidole kikigusa kioo changu,
kikiacha alama ya mafuta ambayo sijaifuta.
Halafu akauliza kama wamekula.