Hina Kabla ya Kukolea

Bi. Batuli wa Kuze amekuja na bangili ya marehemu mamake
ndani ya leso, ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Ameiweka kwenye mizani yangu kabla salamu hazijesha.
"Iyeyushe. Nifanyie pete.
Jiwe liwe la rangi ya chungwa."

Chungwa lipi, Bi. Batuli?
Machungwa yenyewe, pale Marikiti, ni ya kijani
mpaka uyamenye. Rangi hii tumelisingizia tunda.

Nikatandika karatasi nyeupe, nikamwaga vito vitano.

Sitrini, nono kama kunde.
"Bei yake haikutoi jasho," nikamwambia.
Akaipita kama apitaye mlango wa jirani mdaku.

Opali ya moto. Hapo alishika kifua:
kaa la jiko lililomezwa na maziwa.
"Hii yataka mkono uliokaa," nikasema.
"Wewe wakaanga viazi karai tangu alasiri,
mafuta, kisha maji baridi, kisha sabuni.
Itapasuka kimya kimya, uje ujue siku ya Idi."
Akacheka. "Msukumie mke wa tajiri."

Ganeti kutoka vilima vya Kasigau,
rangi ya achari ya embe siku ya pili.
Aliizungusha sana, hii. Akanitaka nizime taa, niwashe taa.
"Usiku yaona haya," asema. "Yageuka nyekundu."

Kisha yakuti, ile kubwa,
safi, haina hata unywele ndani,
yarusha cheche mpaka darini.
Hapa ulimi ulinielemea.
Kodi ya duka ni miezi miwili,
na mwenye nyumba hajui kusubiri.
"Imechomwa," nikasema.
"Si bandia, ni yakuti kweli,
ila rangi hii imeipata tanurini, kwa dawa.
Nisikuuzie kazi ya tanuri kwa bei ya kazi ya Mola."
Alinitazama mimi, si jiwe,
muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Ya tano sikuisifu. Yakuti ya bonde la Umba,
punje ya mbaazi, haijaonja moto,
pembeni ina kahawia kidogo,
na ndani umelala uzi mmoja kama mvi.
Akaichukua akatoka nayo.
Mlango wetu wa Ndia Kuu hupata kivuli baada ya saa tisa,
na kivuli ndicho kadhi wa vito:
jua la utosini husifia hata vigae vya chupa.

Akaiweka juu ya ukucha wa kidole cha shahada.
Mkokoteni wa maji ulipita, akaupisha bila kuinua macho.

"Mamangu alikuwa mtia hina," asema.
"Watu waijua hina iliyokolea,
ile nyeusi, ya harusi, ya kupigwa picha.
Mimi naijua ya alfajiri,
ukiibandua tu, haijapigwa na hewa.
Hujijaribia mwenyewe kwanza, kila mchanganyo mpya,
kisha anikorogee chai kwa vidole hivyo.
Vilikuwa hivi. Hivi hasa.
Kufikia laasiri rangi imeshakuwa ya watu wote."

Sikuwa na neno.
Mimi nilifunzwa kuuza kinachodumu:
ugumu wa jiwe, uzito, karati.
Hajaja mtu bado kununua nusu siku.

"Mgongo wa pete uache wazi," asema, "mwanga upite."
Sawa.
"Na huo mvi usiufiche chini ya kucha za dhahabu."
Sawa, Bi. Batuli.

Nikamwambia kidole tusikipime sasa.
Arudi kesho baada ya karai la kwanza,
kikiwa kimefura kwa joto,
maana pete hukatwa kwa kidole cha kazi,
si kwa kidole cha asubuhi.

Akaiacha bangili.
Kopo akaondoka nalo, na leso ndani yake,
kifuniko amekibana kwa kiganja
kama kwamba kuna kitu kingali kitamwagika.