Mipira ya Hita

“Hita? Tanga hii?” Saguti alicheka,
akafuta jasho kwa kiwiko, viganja vyote grisi.
Ilikuwa saa nne, Barabara ya Kumi na Nne,
mabati ya gereji yanalia tik, tik, kwa jua,
na Pijo ya Nesi Stumai imeachama
inafuka mvuke kama chungu cha mihogo.

Niliinama.
Mipira miwili, unene wa kidole gumba,
inatoka ubavuni mwa injini, inapenya ukuta,
inazama gizani chini ya deshibodi.
Wa kwanza niliubonyeza, ngozi ikachanika kama gome.
Wa pili umevimba shingoni, penye klipu,
laini mno,
laini ya kitu kinachokaribia kusema basi.

Kwetu dawa yake inajulikana.
Unakata, unaunganisha, maji yanageuzia mlangoni,
hita inabaki jina.
Nilishakishika kipande cha bomba: elfu tano,
dakika kumi, na kikombe cha kahawa juu yake.
“Mama, huku hata paka analala sakafuni. Hita ya nini?”

Nesi Stumai alikaa juu ya tairi bovu, pochi mapajani.
“Weka mipira,” alisema. “Yote miwili. Mipya.”

Haya.
Tukamwaga maji, yakatoka rangi ya chai iliyolala.
Klipu zimeoza, bisibisi inateleza, inanitoboa kidole.
Saguti akaushika mpira ili aung’oe,
nikampiga kofi la mkono: usivute!
Kule ndani kuna shaba nyembamba kama ganda la yai,
ukiivunja umeua kitu kisichouzwa tena.
Chana kwa wembe, kwa urefu, polepole,
kama unavyomvua mgonjwa shati.

Wembe ukakwama.
Chini ya klipu, chini ya utepe mweusi,
kitambaa: mizunguko saba, au minane,
kimeganda kwa kutu,
na mwisho wake fundo dogo, safi,
fundo la mtu aliyefunzwa.
“Hii bendeji,” Saguti alisema.

Nesi alitazama ukuta wa jirani.
“Kigombe, usiku. Natoka Pangani kwenda Bombo.
Mzazi nyuma, mtoto ametanguliza mguu.
Mshale uko kwenye nyekundu,
maji ya kunywa nimeshayamimina humo yote.
Nikafungua hita mpaka mwisho.
Mwezi wa pili, wanangu. Mnaujua mwezi wa pili.
Viatu vinachemka, mama wa watu ananitukana Kizigua,
lakini mshale ukashuka.
Unene wa ukucha. Ukashuka tena.
Injini ilitafuta pa kutua moto wake.
Nikaupokea kwa miguu.”

Hatukusema kitu.
Nikapima mpira mpya kwa ule wa zamani, nikaongeza vidole viwili,
nikaulowesha mdomo kwa maji ya sabuni,
ukaingia kwa kujizungusha, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia.
Klipu nikaikaza mpaka ikagoma. Nikaiacha hapo.
Wengi huongeza mzunguko mmoja wa ubishi,
na ndio unaokata mpira.

Saguti akaingia ndani, hita wazi, feni namba tatu.
Mimi namimina maji kwenye rejeta,
hewa inatoka kwa kwikwi, bwu, bwu,
kisha kimya,
kisha mpira ukaanza kupata uvuguvugu chini ya kiganja changu,
wa kwanza, halafu wa pili.
“Inakujaaa!” alipiga kelele,
shati limemganda mgongoni, mkono mbele ya tundu,
mwendawazimu pekee Ngamiani nzima
anayeota moto saa saba mchana.

Nesi akiwa anahesabu noti, akamuuliza:
“Na yule mtoto?”
“Yupi?”
“Wa mguu.”
“Aa. Yuko Handeni, anauza mkaa.”
Akalamba kidole, akaendelea na hesabu.
“Hapigi simu.”