Gurudumu la Mzee Ambakisye

Alikuja asubuhi, mvua ya Tukuyu ikiwa bado haijaamua,
sahani ya DVD kaifunga kwenye mfuko wa chumvi,
akaketi juu ya kreti la soda bila kuvua koti.
"Ugonile," akasema. Nikaitika.
"Umenirudishia mtu mwingine."

Bibi Tupokigwe wa Masebe, mjane tangu mwezi wa nne.
Mkwewe, Lugano, ndiye aliyeniletea kaseti,
kipaimara cha mwaka elfu mbili na mbili,
ndiye aliyesimama hapo mlangoni akinielekeza:
runinga ni mpya, ni pana, picha ijae yote,
sitaki kuona weusi pembeni, sikununua kioo nusu.
Nikaijaza. Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba.

Sasa nikaiweka sahani. Mzee Ambakisye huyo,
kasimama na baiskeli mbele ya migomba,
mashavu mandazi, mabega kabati.
"Mume wangu aliinama kila mlango, hata wa kanisa," akasema Bibi.
"Shingo yake ilikuwa ndefu, kola inaona haya.
Huyu aliyeshiba hivi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua rula ya mwanangu wa darasa la tatu,
nikaibandika kwenye kioo, juu ya gurudumu la mbele.
Kwenda juu, sentimita kumi na mbili.
Kwenda kando, kumi na sita.
Yai.
Baiskeli ya Mzee ilikuwa inatembelea mayai
na kuku ni mimi.

Nikajaribu kueleza.
Bibi, humu ndani picha hailali kama tunavyoiona.
Ni nukta mia saba na ishirini kwenda kando,
mia tano sabini na sita kwenda juu,
hesabu hiyohiyo, picha iwe pana, iwe ya zamani,
na nukta zenyewe si mraba,
zinangoja kuambiwa zivutwe kiasi gani.
Ni kitenge kilichokunjwa sandukuni.
Juu ya sanduku pana neno moja dogo:
nne kwa tatu, au kumi na sita kwa tisa.
Runinga inalisoma, inatii.
Haimjui mtu.
Kaseti ilikuwa ya nne kwa tatu. Mimi nikaandika lile jingine.

"Kwa hiyo hukumharibu."
"Hapana, Bibi. Yumo vilevile. Nilimtaja vibaya."
Akakunja midomo
kama mtu aliyetajiwa bei ya mbolea.

Nikaanza upya. Kompyuta ikahesabu,
asilimia kumi, asilimia thelathini,
na kule nje mvua ikaamua.
Kwenye themanini na saba umeme ukakatika.
Tulikaa gizani tukisikiliza bati,
akanipa ndizi ya kuchoma kutoka mfukoni, bado ina joto la mwili,
akaniuliza kama nimeoa.
Umeme uliporudi nikaanza tena sifuri.

Saa tisa alasiri akatokea mrefu,
mkonda, kola imelegea,
na kando yake, kushoto na kulia, nguzo mbili nyeusi.
Bibi akaiomba rula. Akapima mwenyewe, ulimi umetoka kidogo:
kumi na mbili. Akaigeuza. Kumi na mbili.

"Na huu weusi?"
"Ni mahali ambapo kamera haikutazama."
Simu yangu ikaita: Lugano. Nikaigeuza kifudifudi mezani.
"Uache," akasema Bibi. "Hata nyumbani hakupenda kubanwa."

Kisha akasogea karibu, pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo,
akaufuata ukingo wa gurudumu kwa kidole, polepole,
mpaka mahali fulani chini, upande wa majani,
akasimama hapo.
"Spoki hii," akasema.
"Kila Jumamosi alisema ataitengeneza."