Mtaa wa Nyundo

Usiniulize jina lake la serikali.
Hilo lipo kwenye bahasha za kodi, halina sauti.
Sisi tunauita kwa kelele zake:
kang'-kang', kang'-kang',
nyundo kwenye ubavu wa meli
tangu alfajiri mpaka mchuzi wa mwani upoe mezani.

Kisiwa chetu, Yeongdo, kimeshonwa na Busan kwa daraja.
Wakati wa vita watu wa kaskazini waliagana hivi:
tukipotezana, tukutane darajani.
Hawakujua kwamba nusu ya nchi
imeahidiana papo hapo.
Mama yake bibi yangu alisubiri miezi kumi na mmoja,
kisha akanunua sufuria.
Kwetu, mtaa ulianzia hapo. Kwenye sufuria.

Bibi aliitwa Malnyeo, binti wa mwisho,
ingawa nyuma yake walizaliwa wawili.
Bahari ilipommeza mumewe, akaenda gudini kuomba nyundo.
Ubao mmoja, kamba mbili,
miguu ikining'inia juu ya maji meusi ya mafuta,
akibandua kutu, akibandua kome,
kitambaa usoni, vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Waliopaka rangi walipigwa picha siku meli iliposhushwa.
Kutu haipigwi picha.

Alisomesha watoto wanne kwa kutu.
(Mjomba, mhasibu, hapendi nilitaje hilo.)
Masikio yalimtoka taratibu, bila kuaga:
kwanza mvua,
halafu simu,
halafu sisi.

Siku hizi kuta zina michoro,
na bohari la nanga linauza kahawa yenye povu.
Wageni wanapiga picha na minyororo.
Meli bado zinakuja, chache, zimechoka,
na anayezigonga ni mashine inayolia kama nyigu.

Juzi akaja kijana, Haram, na kaseti
aliyoiokota kwenye karakana iliyofungwa.
Akaiwasha. Kang'-kang' ikajaa chumba,
vikombe vikatetemeka kabatini.
Nikamwambia, usijisumbue, hasikii huyu.

Bibi akaweka kiganja juu ya spika,
akafumba macho kama anayepima homa ya mtoto.
"Bongsim huyu," akasema. "Hutumia kushoto."
Akangoja kidogo.
"Mwambieni arudi. Hapo chini, karibu na usukani,
ameruka pahala."